Ombi la Kufutiwa Historia, Kijiji cha Mwilonje

Kijiji cha Mwilonje,
kupitia Ofisi ya Parokia,
Sumbawanga.

28 Oktoba

Mhariri,
Gazeti la Nyanda Leo.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUKANUSHWA KWA HISTORIA YA MWILONJE KABLA MVUA HAZIJAANZA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi chini ya paa lisilovuja. Mimi ni mzima kiasi, na paa ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jina langu ni Leonsi Mathias, karani mstaafu wa masijala. Kwa miaka thelathini na moja nilifungua mafaili ya serikali na kuyafunga, na katika muda wote huo sikuwahi kupeleka lalamiko langu mwenyewe kwa maandishi, kwa sababu nilijua malalamiko huwa yanawekwa wapi. Leo nimevunja mwiko huo.

Aprili ya mwaka jana gazeti lako lilichapisha makala yenye kichwa “Raha ya Kuishi Mji wa Kihistoria Kando ya Jiji Kubwa”. Mji uliosemwa ni kijiji chetu. Makala ilikuwa na picha nne. Moja ilikuwa ya nyumba yangu, na mlangoni alionekana mama yangu mzazi, Bibi Silvana, ameshika ungo. Mwandishi wako alisema kwamba mtu mwenye akili zake, aliyechoshwa na kelele za Sumbawanga, anaweza kuhamia Mwilonje akaishi “akizungukwa na karne zilizopita”, na asubuhi bado akawahi kazini. Watu wakasoma, na mbaya zaidi wakaja. Tangu hapo sina amani, na mama yangu hana paa. Naomba nieleze kwa namba, kama nilivyozoea.

1. Kuhusu jiji

Naanza na hili kwa kuwa ndilo dogo. Mwandishi wako, Bi Luciana, ameiita Sumbawanga jiji kubwa. Nimekula mshahara wa Sumbawanga maisha yangu yote ya kazi na ninaiheshimu, lakini ni manispaa. Mtu wa Mwilonje anayetaka kuona jiji hupanda basi la Mbeya alfajiri, husinzia, huamka Laela, husinzia tena, hula Tunduma, na bado hajafika.

Hizo kelele zinazosemwa nilikwenda kuzitafuta mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi pale Mazwi, katikati ya mji, asubuhi nzima ya Jumanne. Nilisikia pikipiki kadhaa, baiskeli moja yenye mnyororo mkavu, na mama mmoja akizozana na muuza vitunguu, kisha wakaelewana. Nilirudi nyumbani nimepumzika vizuri sana.

Lakini madhara ya neno hilo ni makubwa. Fundi cherehani wa Majengo, aliyenishonea suruali miaka yote bila maneno, sasa ananiambia nirudi wiki ijayo. “Mzee wangu, jiji lina mambo mengi.” Suruali ni ile ile na cherehani ni ile ile.

2. Kuhusu historia yenyewe

Makala inataja vitu viwili. Cha kwanza ni “tanuru la kale la wahunzi wa chuma”. Matanuru ya namna hiyo yapo Ufipa, babu zetu waliyeyusha chuma, na sina ugomvi na jambo hilo. Ila kilichopigwa picha Mwilonje ni kichuguu. Kimebomoka upande mmoja kwa sababu tulichota udongo wake kukandikia jiko la shule. Sasa kimezungushiwa kamba na kuwekewa kibao kinachosema “Urithi, Usikaribie”. Mchwa wanaingia na kutoka humo kutwa na hakuna anayewaandikia barua.

Cha pili kinauma zaidi. Makala inasema kwamba nyuma ya nyumba yangu kuna “safu za makaburi ya watawala wa kale, yenye umbo la mviringo, yapatayo mia mbili”. Ndugu Mhariri, hizo ni ntumba. Mfipa yeyote anayekula ulezi anazijua. Mvua zikikolea, mtu hukata udongo pamoja na nyasi zake, huugeuza nyasi ziwe ndani, hurundika tuta la mviringo, na zile nyasi huoza humo zikawa mbolea. Juu yake tunapanda maharage. Msimu unaofuata, kabla mvua hazijashika, tunayavunja matuta, tunausambaza udongo na kupanda ulezi. Tumeishi hivyo bila kumwomba mtu mfuko wa mbolea.

Nakubali kwamba maharage yakishang’olewa, matuta hubaki kimya, mstari kwa mstari, na mgeni mwenye hamu kubwa anaweza kuona makaburi. Lakini kwa hesabu yake, Mwilonje ilizika watawala mia mbili katika msimu mmoja, na wote walikuwa wafupi. Nikujulishe pia kwamba watawala walioandikwa gazetini niliwavunja kwa jembe Novemba ya mwaka jana, nikapanda ulezi juu yao, na ugali wake tuliula vizuri. Hawa walioko sasa ni wa mwaka huu.

Hawa wa mwaka huu nimekatazwa kuwagusa. Mwezi uliopita nilimkuta dada mmoja mwenye miwani ya jua akiweka maua juu ya tuta la tatu kutoka mpakani. Nilimwuliza anamlilia nani. Akanijibu kwa upole, “Mababu zetu, mzee.” Nilipomdadisi kidogo nikaambiwa kwao ni Morogoro.

Makala inasema habari hizo zilitolewa na “mzee mmoja mwenyeji aliyeomba jina lake lisitajwe”. Mzee huyo ningependa sana kumjua. Mtu mzima anayemwambia mgeni kwamba rundo la nyasi zilizooza ni mtawala, anastahili kusimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji akiwa amevaa koti lake la kanisani, ili aibu imkae sawasawa. Naomba jina lake mlihifadhi mahali salama.

3. Kuhusu wapenda historia

Kaya kumi na moja kutoka mjini zimejenga Mwilonje tangu makala ile. Wametoka Izia na Majengo, na wote wana elimu. Kiongozi wao ni Bwana Raymond. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi Majengo, na bidhaa yake kubwa ni mabati. Nakuomba ukumbuke hapo, kwa sababu nitaparudia.

Bwana Raymond amejenga mita arobaini kutoka mlangoni kwangu. Nyumba yake ina bati za rangi ya chungwa na dirisha la kioo linaloanzia sakafuni, na dirisha hilo linaitazama nyumba yangu. Asubuhi anafungua pazia, anakunywa chai na kuitazama nyumba yangu ikidondoka. Amewahi kuniambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba jambo hilo linampunguzia presha. Mimi yangu imepanda.

Watu hawa wanaipenda historia, lakini wangependa ioge kwanza. Wamelalamikia nguruwe wangu. Wamelalamikia kengele ya kanisa la kigango, wakaomba Jumamosi isigongwe kabla ya saa tatu kwa kuwa wamekuja kupumzika. Wamelalamikia moshi wa jikoni kwa mama, kisha wakaja kuupiga picha. Mke wa Bwana Raymond, Bi Sharon, amejifunza salamu ya wazee wetu ya kuchuchumaa na kupiga makofi. Ni jambo jema, na mwanzoni nilifurahi. Lakini hakuna aliyemfundisha nani humchuchumalia nani, kwa hiyo anamchuchumalia kila anayepita, hata watoto wa chekechea. Watoto wetu sasa hawasemi shikamoo. Wanasimama wima, mikono nyuma, wakisubiri wachuchumaliwe.

Julai mwaka huu wakaunda Kamati ya Kulinda Sura ya Mji Mkongwe. Mwenyekiti ni Bwana Raymond, katibu ni Bi Sharon. Mtendaji wa kijiji aliwagongea muhuri siku ile ile, kwenye meza mpya waliyomletea wiki iliyotangulia. Wenyeji tulipewa nafasi moja ya kuitazama kamati ikikutana.

4. Kuhusu paa

Hapa ndipo penye kidonda.

Nyumba yetu ilijengwa na marehemu baba yangu kwa matofali ya kuchoma na vigae vilivyobaki walipomaliza kujenga kanisa. Mama yangu aliingia humo akiwa bibi harusi. Vigae vya wakati huo vilikuwa vizuri, lakini hakuna kigae kilichoahidi kuishi milele, na upepo wa huku kwetu unaujua, au kama huujui basi ndiyo ile “hewa safi isiyokoma” iliyosifiwa kwenye makala. Masika iliyopita mama alihamisha kitanda chake mara nne ndani ya chumba kimoja. Hakuna kona ya tano. Mwishowe alikiacha katikati, akaweka kando yake beseni la bluu alilopewa kwenye jubilei ya parokia, na maji yakawa yanadondokea humo. Mama ana miaka themanini na minne na kifua chake si kizuri. Alikohoa mpaka Pasaka.

Mei nikaenda Majengo kununua bati thelathini na mbili, geji ishirini na nane, pamoja na misumari. Nilizinunua dukani kwa Bwana Raymond. Alinihudumia mwenyewe, akanipongeza, akasema, “Mzee, umefanya uamuzi wa maana. Vigae vimepitwa na wakati.” Mashahidi wapo.

Agosti fundi Isdori akaweka ngazi. Alikuwa ameshatoa vigae sita, juu ya chumba cha mama, Bwana Raymond alipotokea na kandambili zake, kikombe cha chai mkononi, akipiga kelele kana kwamba tunachinja mtu. “Simameni! Simameni hapo hapo! Mzee Leonsi, hii nyumba siyo yako peke yako, ni ya vizazi!” Nilimwuliza ni vizazi gani, kwa maana kizazi kimoja kilikuwa ndani kikikohoa. Kesho yake nikapata barua ya kamati yenye muhuri, ikinikataza kubadili, kuongeza au kuondoa chochote kwenye nyumba yangu. Ukutani wakaniandikia kwa rangi ya kijani: USIGUSE. Nchi hii watu wanalia wakiwekewa alama ya kubomolewa. Mimi nadhani ni wa kwanza kulia kwa kukatazwa kubomoa.

Niliuliza kwa nini wao wameruhusiwa bati. Nikajibiwa kwamba nyumba zao ni mpya, kwa hiyo hazina historia ya kuharibu. Nikaomba basi nirudishe vile vigae sita mahali pake. Nikajibiwa kwamba vimeshahifadhiwa. Na ni kweli vimehifadhiwa: vimepangwa kwenye kabati la kioo sebuleni kwa Bwana Raymond, na mgeni akija anaonyeshwa. Nikaomba niweke turubai kwa muda. Nikajibiwa kwamba turubai ni la bluu na bluu inaharibu picha.

Kwa hiyo hali ilivyo leo, Ndugu Mhariri, ni kwamba mama yangu akilala chali anaona mbingu. Bati zangu thelathini na mbili zimeegemezwa sebuleni, na tunapita ubavuubavu kwenda jikoni. Wiki hii mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwani. Jana mama aliniita akaniambia maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema: “Leonsi, nilizaliwa chini ya nyasi, nikaolewa chini ya vigae. Niacheni basi nife chini ya bati.” Mimi mwanawe wa pekee aliyebaki, mwenye bati ndani ya nyumba, ngazi ukutani na fundi kijijini, sina ruhusa ya kumfunika mama yangu.

5. Kuhusu mama kama kivutio

Mwanzoni walikuja mmoja mmoja. Sasa wanakuja kwa makundi siku za Jumamosi, na Bi Sharon anawaongoza. Mama anaombwa akae mlangoni na ule ungo wa kwenye gazeti. Akicheka anaambiwa, “Bibi, usicheke, kaa kawaida.” Mama yangu kawaida yake ni kucheka. Waliwahi kumletea jiwe la kusagia wakamwomba asage ulezi. Mashine ya kusaga iko mita mia mbili kutoka nyumbani, na mama alishukuru Mungu hadharani siku ilipowekwa. Aliwatazama, akamkabidhi Bi Sharon lile jiwe, akamwambia asage yeye na bibi atapiga picha. Bi Sharon alisaga vijiko viwili. Kiganja chake kilitoka malengelenge na tangu hapo jiwe halijaonekana.

6. Kuhusu Ndalahwa

Jirani yangu Ndalahwa ana ng’ombe, na amekaa Mwilonje miaka ishirini na miwili. Amezika mke hapa. Kamati imempangia njia ya kupitisha mifugo nyuma ya kilima kwa sababu, nanukuu barua yao, “si sehemu ya simulizi ya mji”. Bwana Raymond ana miezi minne na ndiye msimulizi. Ndalahwa si mtu wa maneno mengi. Aliisoma barua, akaikunja, akaniambia, “Mzee Leonsi, nikifa hawa watanizungushia kamba. Nikiwa hai, wanataka nipite nyuma.” Sijaongeza neno.

7. Kuhusu ushahidi

Ili usidhani nasema kwa hasira, ninaye shahidi aliyesoma. Ni mwanangu wa kuzaa, Flavian, anayefanya kazi Dar es Salaam. Aliondoka miaka kumi na moja iliyopita na hajarudi. Kila mwaka nilimwita, na kila mwaka alinijibu kwa heshima kamili: “Baba, huko kuna nini?” Mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye niliyapima maneno yake kama karani nikaona hakuna kosa. Hakuna kazi, hakuna kiwanda, hakuna uwanja wa mpira wenye nyasi. Kama mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba hii, akakatiwa kitovu humu, amechunguza miaka kumi na moja asione kitu, Bi Luciana ameona nini kwa dakika arobaini?

Baada ya maelezo hayo, nina maombi yafuatayo.

(a) Gazeti lako lichape kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi zile zile, kwamba Mwilonje haina historia yoyote, haijawahi kuwa nayo, na haitarajii.

(b) Ikishindikana, basi historia igawanywe sawa. Sumbawanga nayo itangazwe mji mkongwe, kuanzia duka la Bwana Raymond, na asiruhusiwe kuuza bati hata moja kwa kuwa kila iliyomo humo ina umri. Gari lake nalo lina miaka kumi na sita. Likiharibika lisitengenezwe, lizungushiwe kamba pale pale lilipozimikia.

(c) Hilo nalo likishindikana, tubadilishane nyumba kuanzia Novemba hadi Aprili. Bwana Raymond na Bi Sharon waingie chini ya vigae vyetu wazungukwe na karne wanazozipenda, na beseni nitawaachia. Sisi tutakaa kwao. Asubuhi mama yangu atafungua pazia, atakunywa chai yake, na kuwatazama wakihamisha kitanda. Huenda na yeye kikohozi kikapungua.

(d) Ikiwa hata hilo ni zito, naomba mama yangu mwenyewe atambuliwe rasmi kuwa kitu cha kale. Ana umri mkubwa kuliko nyumba. Akishatambuliwa, kamati italazimika kumlinda asinyeshewe, kama inavyovilinda vile vigae sita.

Naomba majibu kabla ya mvua ya kwanza. Baada ya hapo yatakuwa na maana kwa wanahistoria tu.

Nisalimie wote hapo ofisini: wachapaji, madereva, mlinzi wa getini, na anayefagia karatasi zinazotupwa, ambaye nahofia ndiye atakayekuwa msomaji wangu wa kwanza. Bi Luciana naye msalimie. Mama anamsalimu. Nguruwe, ambao kamati imewahesabu kuwa ni wa kisasa mno, hawajambo.

Ni mimi, mkazi wa muda wote wa mji wa kale,

Leonsi Mathias
Karani Mstaafu

Nakala: Mtendaji wa Kijiji, Paroko, Bwana Raymond (atapewa mkononi, anatuona anapotaka).

Nyongeza. Ndugu Mhariri, barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha na gundi nimeshailamba, simu ikalia. Alikuwa Flavian. Kwa kawaida hupiga Pasaka, kwa hiyo nilidhani kuna msiba. Aliniamkia, akamwulizia bibi yake, kisha akasema kuna mtu kazini kwao amemwonyesha makala yenu kwenye simu, na kwamba aliitambua nyumba kabla hajasoma jina. “Baba, kumbe nyumbani kuna mambo makubwa hivyo na hukuwahi kuniambia.” Kisha akauliza, “Vigae vya bibi bado vipo?” Nikasema vipo. “Basi msiviguse, baba. Krismasi tunakuja, mimi na mama watoto na wanangu wote wawili. Nataka wavione.”

Mkubwa wa watoto hao ana miaka tisa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Mwilonje. Mama yangu anawajua kwa picha, na picha yenyewe ameibandika ukutani mahali pasipodondokewa na maji.

Nilikwenda kumweleza. Nilimweleza ya Flavian na nikamsomea pia barua hii yote, nikitegemea anisaidie kuamua. Alitazama juu kwenye lile tundu. Kisha akasema, “We Leonsi, hebu toa hayo mabati sebuleni. Watoto watalala wapi?” Akainuka mwenyewe, akalichukua beseni uvunguni, akalifuta kwa kanga yake na kuliweka kando ya kitanda.

Kwa hiyo nakuomba barua hii usiichape. Kuhusu yule mzee mwenyeji, jina lake usilitafute tena. Koti lake la kanisani ni la kijivu na limening’inia nyuma ya mlango wangu. Siku ile Bi Luciana hakuwa na habari na sisi, alisimama kuuliza njia ya kwenda kwingine. Akiwa anaondoka akauliza kwa adabu tu, “Hapa napo kuna nini, mzee?” Yalikuwa maneno ya Flavian, karibu neno kwa neno, na nilikuwa nimeyasikia miaka kumi. Nilishindwa kusema hakuna kitu. Nikatazama huku na huku, na kilichokuwa karibu ni ntumba.

Mwambie arudi kabla ya Krismasi. Kichuguu cha pili kipo nyuma ya kigango, nacho ni kikubwa zaidi. Na kwa kuwa nimeona kwamba jambo likiandikwa kwenye gazeti lako watu huliamini na hata kuliwekea maua, naomba aandike pia kwamba mwaka huu mvua za Ufipa zitachelewa, hazitanyesha hadi watoto watakapokuwa wamekuja na kuondoka.